Magari Kumi na Moja Katika Banda la Kuku

Kuna wakati nilikuwa na magari kumi na moja mjini Nyeri, nami sikuwa na leseni ya kuendesha hata moja. Kazini nilikwenda kwa baiskeli nyeusi yenye kiti kilichopasuka, na mvua ya mlimani ilikuwa na tabia ya kunisubiri mpaka nifike katikati ya mteremko. Magari yalibaki nyumbani, katika banda la kuku, yamepangwa juu ya ubao mmoja.

Nijieleze mapema, nisidhaniwe mwendawazimu. Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, mashamba yalikuwa yamekusanywa na kugawanywa upya, na kila mwenye shamba alitaka kuuona mpaka wake kwenye karatasi. Kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kuipunguza dunia. Kilima ambacho mama mmoja hukipanda nusu saa na mzigo wa kuni mgongoni, mimi nilikivuka kwa kalamu kabla chai haijapoa. Ukifanya kazi hiyo miaka miwili mitatu, akili hubadilika. Unaanza kuamini kwamba hakuna kitu usichoweza kukimiliki, mradi ukubali kukipunguza.

Na kitu nilichokitaka, kama kila mtu aliyefunga tai siku hizo, kilikuwa gari. Wazungu walikuwa wakiondoka na kuuza yao, na wakubwa wetu wakiyanunua. Jioni nikisukuma baiskeli yalinipita moja moja na kunirushia matope: la mkuu wa wilaya, la daktari, lile la mgongo wa kobe la mwalimu mkuu. Hasira zangu ni za pole pole. Sitoi matusi, natoa rula. Siku moja gari la mkuu wa wilaya lilikuwa limesimama nje ya ofisi yetu, nikatoka na utepe wa kupimia, nikamwambia askari wake kwamba ni kazi ya serikali, nikalipima toka bampa hadi bampa. Askari alinishikia ncha ya pili.

Skeli yangu ilikuwa moja kwa thelathini, yaani kila futi mbili na nusu zikawa inchi moja. Sikuichagua mimi, iliamuliwa na magurudumu. Hospitalini, chupa ndogo za dawa ya sindano zilizibwa kwa vifuniko vya mpira, na kifuniko hicho ukikisimamisha kwa ubavu ni tairi kabisa, hata ule mstari wa pembeni upo. Nikapima kifuniko, nikapima tairi la kweli, nikagawanya, jibu likaja thelathini. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima wa kutoka kwetu magharibi, alikuwa akiniwekea vifuniko hivyo katika bahasha kila Jumatano, vimechemshwa. Alinipa pia filamu kuukuu za eksirei. Ukiziosha kwa maji ya moto na magadi, picha hutoka, ukabaki na kioo cheupe unachoweza kukikata kwa mkasi. Moja haikutakata vizuri, na gari la daktari likabaki na ubavu wa mtu kwenye dirisha la nyuma. Niliona inafaa.

Mwili wa gari nilikata kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Viti vilitoka katika ulimi wa kiatu cha zamani. Bampa na taa zilihitaji kung'aa, na hakuna kinachong'aa kama ile karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara. Mimi sivuti, kwa hiyo niliokota pakiti tupu mlangoni pa baa ya chini. Vifuniko vya magurudumu vilikuwa vile vifungo vidogo vya chuma vya kubana, vinavyoshonwa kwenye magauni ya wanawake. Nilivitoa kwenye magauni ya mke wangu, kimoja kimoja, nikianza na yale asiyoyavaa sana.

Kisha rangi. Rangi ya nyumba ni nzito, inafunika milango yote uliyoihangaikia. Nilijaribu wino wa ofisini, ukateleza kwenye bati. Mwisho niliingia duka moja mjini, nikaona kwenye rafu ya juu chupa ndogo za rangi ya kucha, kila moja na brashi yake ndani, laini, inayokauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Mama mwenye duka aliniuliza mke wangu anapenda ipi.

"Nipe kila moja," nikasema.

Zilikuwa sita: nyekundu, pinki, machungwa, dhahabu, nyeupe ya lulu, na maruni. Kijani hapakuwa, buluu hapakuwa. Katika vipimo sikuwahi kudanganya hata upana wa unywele, lakini katika rangi nilijipa uhuru, maana uhuru ndio ulikuwa umeingia. Gari la polisi likawa pinki. La mkuu wa wilaya nililipa magurudumu ya dhahabu, na juu ya boneti nikampandishia pembe mbili za ng'ombe za waya, alizostahili.

Sasa lazima nimlete mke wangu, na hapa kicheko kinapungua kidogo.

Yeye alikuwa wa Kangema, mwalimu wa darasa la pili, na alikuwa ameokoka. Mimi pia niliokoka, nusu kwa ajili ya Mungu na nusu kwa ajili yake, na nusu yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu mimi sikujua lugha ya kwao vizuri, naye hakujua ya kwetu hata kidogo. Baba yake alikuwa amekataa mara mbili kumwoza kwa mtu wa mbali. Alisema mtu wa mbali hana shangazi wa kumuuliza habari zake. Tulioana hata hivyo. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha na mtoto alikuwa hajaja, na nilijua kwamba Kangema kuna watu waliokuwa wakingoja tu aonekane kituoni na mzigo wake.

Kwa nini basi nikamficha magari? Kwa sababu niliona haya. Nilikuwa nimesimama mbele ya ushirika wa ndugu waliookoka, siku nilipookoka, nikatangaza kwamba nimeyaacha mambo ya upuuzi. Halafu mtu mzima, mwenye malipo ya uzeeni yanayomngoja, aonekane ameinama kwenye banda akipaka rangi mlango wa ukubwa wa stampu! Kuku wetu walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa. Nililisafisha banda, nikaweka ubao, nikatia kufuli. Mke wangu aliuliza mbona banda lisilo na kuku linafungwa kwa kufuli. Nikasema nimehifadhi sumu ya panya. Hatukuwa na panya.

Gari la kumi na moja ndilo lililoleta balaa. Lilikuwa la mzee wa ushirika wetu, saluni ya Kifaransa ya rangi ya maruni, aliyoiosha mwenyewe kila Jumamosi. Mzee huyo alikuwa rafiki wa baba mkwe wangu na mtu wa kuogopwa. Alikuwa ameshawahi kuwasimamisha akina nyanya wazee njiani na kuwamwagisha ugoro wao. Pombe hakutaka hata itajwe. Mdogo wa mke wangu alipoposwa, mzee ndiye aliyetuchukua kwa gari lake hadi Kangema, na huko akasimama na kusema kwamba watu waliookoka hawapeani pombe ya muratina hata kama ni desturi, kwamba zitanywewa soda na uji. Wazee wa kule waliitazama soda kwa huzuni.

Mimi niliachwa kulilinda gari. Ungefanya nini? Nililipima. Nje nilimaliza upesi, pamoja na lile bonyeo la mlango wa kushoto. Buti lilikuwa halikufungwa kwa ufunguo, nikalifungua nipime gurudumu la akiba. Nyuma ya gurudumu, chini ya gunia, palikuwa na kibuyu cha urefu wa futi moja, kimezibwa kwa gunzi, na povu jeupe limetoka kando ya gunzi kwa sababu ya matuta ya njia. Nikakinusa. Nikakipima pia.

Mtu mwema angelifunga buti na kusahau. Mimi nilirudi Nyeri nikachukua punje ya kahawa, nikaichonga shingo kwa wembe, nikaitia kizibo cha kijiti, na juu ya kizibo tone la nyeupe ya lulu. Nikaifunika kwa kipande cha gunia nyuma ya gurudumu la akiba. Buti lenyewe nililitia bawaba za waya, likawa linafunguka na kufungika. Hilo ndilo gari nililolipenda kuliko yote, nami sitasema ilikuwa kwa sababu ya bawaba.

Wakati huo huo mjini mambo yalikuwa yanajumlishwa bila mimi kujua. Dada mmoja wa ushirika, mwalimu mwenzake mke wangu, aliniona nikinunua zile chupa sita. Ndugu mmoja fundi viatu aliniona mlangoni pa baa nikiinama. Na kila mtu aliyepita veranda ya hospitali siku ya Jumatano aliniona nikicheka na yule muuguzi, kwa lugha ambayo Nyeri nzima tuliijua sisi wawili tu. Mke wangu alikuwa hapaki rangi ya kucha. Waliookoka hawakupaka.

Yeye hakuniuliza kitu. Aliendelea kupika, kusahihisha madaftari, kunipigia pasi mashati. Ila alianza kusali kwa sauti ndogo nisiyoisikia, wakati zamani alisali nikamsikia. Ilichukua miezi minne. Mwisho, wiki ile shule zilipofungwa, aliweka kiondo chake, kile kikapu cha kamba, mezani, tayari kimefungwa.

"Jumamosi ndugu watakuja hapa," akasema. "Kama uko na kitu ya kusema, sema mbele yao. Kama hauna, mimi naenda kwetu."

"Kwa siku ngapi?"

"Hiyo utaniambia wewe."

Nilielewa. Akishuka Kangema na kiondo kile bila neno langu la kumrudisha, baba yake hangemwachia apande tena.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuja watatu: mzee, yule dada, na fundi viatu. Walikataa chai, na hapo nikajua ni kubaya. Mke wangu alikaa karibu na mlango, kiondo magotini.

"Ndugu," mzee akaanza, "sisi hatukukuja kuhukumu. Tumekuja kukusaidia kubeba."

"Mimi niliona na macho yangu," yule dada akasema. "Rangi ya kucha, chupa sita. Na dada yetu hapa hajawahi paka hata moja. Sasa hizo vidole ni za nani?"

"Na mimi nilikuona kwa mlango ya baa," fundi akasema. "Umeinama, ukaokota pakiti ya sigara ukaweka kwa mfuko. Ati mtu ameokoka!"

Mke wangu hakunitazama. "Na kila Jumatano uko hosipitali na yule sista. Mnacheka, na hakuna mtu anajua mnacheka nini. Na nguo zangu zimeanza kufunguka. Juzi gauni ilifunguka mbele ya darasa."

Hapa ninakiri jambo ambalo sikuliungama siku ile wala baadaye. Nilifikiria kukubali kwamba kuna mwanamke. Fikiria mwenyewe. Dhambi ya mwanamke ilikuwa na njia iliyochongwa. Unalia, wanakukumbatia, wanaimba, na baada ya wiki mbili unaalikwa Karatina na Murang'a ukatoe ushuhuda, watu wakitikisa vichwa. Mtu aliyeanguka akarudi alikuwa na soko. Lakini kwa mtu mzima anayetengeneza magari ya mikebe katika banda la kuku hapakuwa na wimbo wowote uliokuwa tayari.

"Ni kweli," nikasema, "kuna..."

Mke wangu akafumba macho. Vidole vyake vilishika mikono ya kiondo mpaka vikawa vyeupe kwenye viungo. Nikaona kwamba wengine wote wataimba na yeye hataimba. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Si mwanamke," nikasema haraka. "Ni magari."

"Gari ya nani?" fundi akauliza.

"Ya mkuu wa wilaya. Ya daktari. Ya polisi. Na ya mzee."

Mzee akasimama, akaenda dirishani. Gari lake lilikuwa pale pale chini ya mti wa jakaranda.

"Yangu iko pale," akasema.

"Ile nyingine," nikasema. "Iko kwa banda ya kuku."

Walitazamana. Nadhani hapo ndipo walipoanza kunionea huruma ya kweli. Nilitangulia na ufunguo, nao wakafuata kwa mstari kupita kwenye sukuma wiki, mke wangu nyuma kabisa na kiondo chake. Nikafungua kufuli, nikaufungua mlango, jua la saa tisa likaingia kupitia waya na kuanguka juu ya ubao wote.

Kisha fundi viatu akapiga magoti kwenye mavi makavu ya kuku. Alilitambua gari la polisi, na alipoona ni pinki akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ushirika. Alilisukuma kwa kidole. Likaenda. Akasema "vuuu" bila kujijua. Yule dada aliuliza mlango wa gari lile umeshikizwa na nini, nikamwambia ni unywele wa mkia wa ng'ombe, akataka kuona. Chupa sita zilikuwa zimepangwa kwenye kona, robo tatu tupu. Alizihesabu, akanitazama, akazihesabu tena.

Mzee alikuwa ameipata yake. Aliinyanyua kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu!" akasema. "Ona namba. Ona hapa, ile bonyeo!" Alifurahi mpaka uso wake ukabadilika umri. "Ulipima lini?"

"Siku ile ya Kangema."

Hakusikia, au alisikia na maneno yakawa hayajafika. Alifungua mlango wa mbele, akaufunga. Akafungua boneti. Akaligeuza gari, na kidole chake kikaelekea kwenye buti.

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kusema bawaba hiyo ni dhaifu, mzee, itavunjika. Nilikuwa nimeshtakiwa kwa saa nzima, hasira yangu ya pole pole ilikuwa imefika, na nilinyamaza.

Alifungua. Aliona gurudumu la akiba, akatabasamu. Aliona kigunia, akakiinua kwa ncha ya ukucha. Alikaa akiitazama ile punje ya kahawa kwa muda unaotosha kusoma zaburi ndefu. Kisha akakirudisha kigunia mahali pake kwa uangalifu mkubwa, akafunga buti, akaliweka gari ubaoni, akanikazia macho.

"Kwa buti kuna nini?" fundi akauliza kutoka chini.

"Gurudumu," mzee akasema. "Ndugu zangu, hii ni mchezo tu. Ni kazi ya mikono. Mimi sioni dhambi hapa. Tuombe."

Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba. Aliondoka bila kuaga vizuri, na wale wawili wakakimbilia gari lake wasije wakaachwa.

Nilidhani nimeshinda. Niligeuka na tabasamu langu, nikamkuta mke wangu amesimama kando ya ubao, kiondo bado mkononi.

"Miezi nne," akasema. "Miezi nne nimelia kwa sababu ya mkebe ya mafuta?"

"Niliona haya."

"Kwangu? Mimi ndiye ungeonea haya?" Machozi yalikuwa yanatoka na hakuyafuta. "Ningekushikia makasi. Ningekupatia hizo vifungo mwenyewe."

Aliinama akatazama ndani ya gari moja, kisha la pili, akaenda hivyo hivyo mpaka la kumi na moja.

"Mimi nakaa wapi?" akauliza.

"Wapi?"

"Kwa hizi gari yako. Umeweka stelingi. Umeweka jeki. Umeweka hata pombe ya mzee, usifikiri sikuona. Mimi umenikalisha wapi?"

Viti vyote vilikuwa vitupu. Kumi na moja, na sikuwa nimewahi kufikiria kumweka mtu, hata mimi mwenyewe. Nilitaka kusema kwamba ningeanza kesho. Alikuwa ameshatoka. Alipita kwenye sukuma wiki, akapita langoni, akateremka kuelekea kituoni, nami nikabaki mlangoni pa banda.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilichukua kipande cha mti laini nikaanza kumchonga. Nilitaka akae mbele, kwenye saluni ya maruni, ile nzuri. Nikachukua rula, na hapo nikakwama. Nilijua urefu wa gari la mkuu wa wilaya kwa kichwa. Nilijua upana wa buti la mzee na kimo cha kibuyu chake. Kimo cha mke wangu sikukijua. Miaka mitatu amepita mbele yangu mlangoni na nisingeweza kukwambia ni futi tano na inchi ngapi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia, mtu mzima, na kile kijiti mkononi.

Nilipokuwa nikipanga vitu ili nitulie, niligundua chupa moja haipo. Ya maruni. Nikadhani ni yule dada, na nikamsamehe kwa shida.

Jumatatu niliandika barua fupi, nikaipeleka kituoni nikamkabidhi utingo wa basi la Kangema. Sikuomba msamaha kwa maneno ya ushirika. Niliandika: "Nimepungukiwa na kipimo kimoja na siwezi kuendelea na kazi. Tafadhali rudi nikupime."

Jumatano jioni alirudi. Aliweka kiondo chini, akavua koti, akauliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akasema vizuri, hata yeye. Baba yake alikuwa ameisoma barua mara mbili, akauliza kama huyu mkwe ni fundi wa majeneza.

Asubuhi yake niliingia bandani, nikaikuta chupa ya maruni imesimama mahali pake. Imepungua. Mimi ni mtu wa vipimo, nilikuwa najua ilikuwa imefika wapi. Nilitoka nikamtazama vidole alipokuwa akikanda unga, kucha zilikuwa safi, bila rangi. Basi rangi ilikwenda wapi? Nilimtazama wakati wa chai. Nilimtazama akisahihisha madaftari. Alimpaka nani huko Kangema? Au kuna mtu aliyemwonyesha? Siku mbili sikulala sawasawa wala sikuuliza, na kila nilipofungua kinywa nilikumbuka miezi yake minne, nikakifunga. Yeye alikuwa akiimba jikoni.

Jumamosi nilimsimamisha kwenye kizingiti cha mlango, penseli na rula mkononi.

"Vua viatu," nikasema.

"Sivui."

"Kipimo haitakuwa sawa."

"Basi nitakuwa mrefu."

"Ni inchi nzima ya kisigino!"

"Andika hivyo hivyo," akasema, na akasimama wima kama mwanajeshi, midomo imebanwa. Nikaandika. Ndiyo maana katika gari lile la maruni mpaka leo kichwa cha sanamu yake kinagusa paa.

Jumapili tulikwenda pamoja. Mzee ndiye aliyehubiri, na sijui kama ni ujasiri au ni mazoea, alihubiri juu ya mambo yaliyofichwa. Alipiga meza. Alisema hakuna sitara ambayo haitafunuliwa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kuzuia kucheka, na ndipo nikaona chini ya benchi mguu wa mke wangu ukitoka polepole katika kile kiatu cheusi cha kufunika, kile cha kanisani. Hakuwa amevaa soksi. Ukatulia juu ya sakafu karibu na wangu, na vidole vyote vitano vilikuwa maruni, vimepakwa tabaka mbili, bila kuvuka ukingo hata mahali pamoja. Kazi safi. Niliijua rangi ile kuliko mtu yeyote katika jengo lile, isipokuwa mwenye gari.

Nikainua macho. Alikuwa akimtazama mhubiri moja kwa moja, Biblia imefunguka magotini.

Mzee alipomaliza aliuliza kama kuna ndugu au dada mwenye neno la kuweka nuruni. Macho yake yaliruka benchi letu upesi. Sikusimama. Mke wangu hakusimama. Kisha tukaambiwa tuinuke wote kwa wimbo wa mwisho, na mguu wake ukaanza kupapasa sakafu kutafuta kiatu, huku, kushoto, nyuma, na akanipiga kiwiko. Kiatu nilikuwa nimekikanyaga mimi, na sikuwa na haraka ya kukiachia.